Je, Wajua? Hatua Zako Zina Hesabu

Je, wajua kwamba marathoni nzima inaweza kuamuliwa kwa urefu wa simu uliyoshika mkononi? Septemba 15, 2025, kwenye mashindano ya dunia ya riadha jijini Tokyo, Alphonce Simbu, mwanajeshi wetu anayejifua hapa Arusha, alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros naye akaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48! Kilichowatenga ni sekunde 0.03. Kwa mwendo wa wastani wa siku ile, hizo ni sentimita 16 tu.

Usiondoke, kuna zaidi. Katika mashindano hayohayo ya dunia, bingwa wa mita 100 wanaume alimwacha wa pili kwa sekunde 0.05. Yaani watu waliokimbia kwa zaidi ya saa mbili walikaribiana kuliko waliokimbia chini ya sekunde kumi! Na dhahabu ile ya Simbu ndiyo ya kwanza kwa Tanzania katika historia ya mashindano hayo.

Mkoa wetu haukuanza jana. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 mjini Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974, akavunja rekodi ya dunia. Chukua kalamu ugawanye: ni mita 7 na ushee kila sekunde, zaidi ya kilomita 25 kwa saa, tena akiongoza tangu mwanzo! Bodaboda wa Kilombero kwenye foleni ya jioni asingemshika.

Na je, wajua hewa unayoivuta hapa? Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Panda hadi kilele cha Meru, mita 4,566, na mgandamizo wa hewa haufiki asilimia 60 ya ule wa Tanga. Mapafu ni yaleyale, kifua ni kilekile, lakini kila pumzi inakuja na oksijeni pungufu kabisa!

Sasa unashuka. Je, wajua kuna mteremko wa bei rahisi? Mwaka 2002 Alberto Minetti wa Italia na wenzake walipima nguvu inayotumika kutembea na kukimbia kwenye miinuko na miteremko ya kila aina. Anayetembea hutumia nguvu kidogo kuliko zote pale anaposhuka mita 1 kwa kila mita 10 za mbele. Mteremko ukizidi hapo, gharama inapanda tena, kwa sababu misuli inafanya kazi ya breki. Yaulize magoti yako ukifika geti la Momella!

Hebu nikuulize kitu. Umewahi kumvuta mtoto mkono mkiwahi kifodi, wewe unatembea na yeye anakimbia? Hiyo ni hesabu ya meli! William Froude, mhandisi Mwingereza wa karne ya 19, alitafuta namna ya kulinganisha meli ndogo za majaribio na meli kubwa za baharini. Kanuni yake ikaja kuhamia kwenye miguu: zidisha mwendo kwa mwendo, kisha gawanya kwa urefu wa mguu na nguvu ya mvutano wa dunia. Jibu likifika karibu 0.5, mwili unaacha kutembea na kuanza kukimbia.

Weka namba uone. Mtu mzima mwenye mguu wa sentimita 90, kuanzia nyonga hadi chini, anageuka kuwa mkimbiaji kwenye kilomita 7.6 hivi kwa saa. Mtoto mwenye mguu wa sentimita 50 anageuka kwenye 5.6. Ukiwahi gari kwa kilomita 6, wewe uko upande huu wa mstari na mwanao ameshavuka!

Mwezini je? Kule mvutano ni sehemu moja ya sita ya huu wetu. Mguu uleule wa sentimita 90 ungetakiwa kuacha kutembea kwenye kilomita 3 tu kwa saa. Ndiyo maana wanaanga wa Apollo wanaonekana kwenye filamu wakirukaruka: kutembea kwa haraka hakuwezekani!

Na kanuni hiyohiyo imepima dinosaria. Mwaka 1976, R. McNeill Alexander wa Chuo Kikuu cha Leeds aliandika kwamba ukijua umbali kati ya nyayo na urefu wa mguu, unaweza kukadiria kasi ya mnyama ambaye hakuna binadamu aliyewahi kumwona. Kutoka meli, hadi mtoto, hadi dinosaria!

Umeona vijana wa Kimasai wakiruka adumu? Je, wajua unaweza kupima urefu wa mruko wao bila rula, kwa video ya simu tu? Hesabu muda ambao miguu haigusi chini. Nusu sekunde hewani ni sentimita 31, sekunde 0.6 ni sentimita 44, na sekunde 0.7 ni sentimita 60. Muda ukiongezeka maradufu, urefu unaongezeka mara nne!

Simu hizohizo zimeingia maabara. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa mwaka 2023 maelezo ya OpenCap, programu inayotumia simu mbili tu kukadiria jinsi goti, nyonga na kifundo vinavyojikunja. Kabla ya hapo ilihitajika maabara yenye kamera nyingi na vibandiko mwili mzima.

Tukae kidogo kwenye hatua zenyewe. Je, wajua kwamba hata ukitembea barabara tambarare, bila haraka na bila bughudha, hakuna hatua mbili zinazolingana kabisa? Zinapishana kwa sehemu ndogo za sekunde. Zamani walidhani ni bahati nasibu tu. Mwaka 1995 Jeffrey Hausdorff na wenzake wa Boston walizipima na kukuta mpangilio ndani yake: hatua ya sasa ina uhusiano na hatua uliyopiga muda mrefu nyuma. Miguu ina kumbukumbu! Na kwa wazee na wagonjwa wa baadhi ya maradhi ya neva, mpangilio huo hulegea.

Na macho yako je? Mwaka 1973 Gunnar Johansson wa Sweden alibandika taa ndogo kama kumi hivi kwenye viungo vya mtu, akazima taa za chumba, akarekodi. Ukizitazama zikiwa zimesimama, ni nukta tu. Zikianza kutembea, unamwona binadamu papo hapo! Sasa unaelewa kwa nini unamtambua shangazi yako kwa mbali pale Mnara wa Saa kabla hujaiona sura yake.

Haya, tuingie kwenye hesabu ambazo wengi huzikwepa. Mimi nazipenda, na wewe utazipenda sasa hivi. Tuseme unalinganisha mwendo wa makundi mawili ambayo kwa kweli hayana tofauti yoyote, na unafanya vipimo 20, kila kimoja kikiwa na nafasi ya asilimia 5 ya kukudanganya. Uwezekano wa kudanganywa angalau mara moja ni asilimia 64! Ukitafuta sana, lazima utakiona kitu ambacho hakipo.

Wapimaji wa mwendo wana tatizo kubwa kuliko hilo. Kila hatua hukatwa vipande kuanzia 0 hadi 100, tangu kisigino kinapogusa chini hadi kinapogusa tena. Hizo ni nukta 101 kwa goti moja tu! Ukipima kila nukta peke yake kama vile haina jirani, utapata "ugunduzi" kila kona.

Na dawa ilitoka wapi? Kwenye ubongo! Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Karl Friston na wenzake wa London walitengeneza takwimu za kusoma picha za ubongo, ambazo zina maelfu ya nukta zinazotegemeana. Mwaka 2010 Todd Pataky, akifanya kazi Japani, akazileta kwenye mwendo wa binadamu. Badala ya kuuliza "nukta hii imepishana?", unaiuliza njia nzima ya goti kwa mara moja: ni wapi hasa tofauti imezidi ile ambayo bahati tupu ingeweza kuileta? Shikilia jina la Pataky, tutakutana naye Ngorongoro.

Kabla hatujafika, ujue na hili. Kipimo cha takwimu kinachotumika mno duniani kulinganisha makundi madogo kilizaliwa kwenye kiwanda cha bia! William Gosset alikuwa mfanyakazi wa Guinness, Dublin, na mwaka 1908 alikichapisha kwa jina la bandia, Student. Leo kinatumika kulinganisha hatua za mgonjwa kabla na baada ya upasuaji.

Sasa njoo Tengeru siku ya soko. Utamwona mama akishuka kutoka mitaa ya juu ya Meru, ngata kichwani, mkungu wa ndizi juu yake, mikono inaning'inia na shingo haitikisiki. Mwaka 1986 kundi la watafiti akiwemo Geoffrey Maloiy wa Nairobi waliwapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu huko Kenya wakitembea na mizigo. Waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada! Kwa mama wa kilo 60, hizo ni kilo 12 za bure.

Bure kweli? Mwaka 1995 wakapata maelezo: kila hatua, mwili hupanda na kushuka kama timazi la saa, na wanawake wale walipobeba mzigo waliokoa nguvu nyingi zaidi katika kupanda na kushuka huko. Lakini sikiliza upande wa pili. Mwaka 2010 watafiti wengine waliwapima wanawake 24 wa Kixhosa wa Afrika Kusini, na wastani haukuonyesha ubure wowote! Walichokiona ni tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Mama mmoja si mama mwingine, na wastani peke yake huficha hilo. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari tamu kuliko ile ya kwanza.

Je, wajua kwamba hata kukimbia pekupeku hakuna mtindo mmoja? Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard aliandika kuhusu wakimbiaji wa Kikalenjin waliozoea kukimbia bila viatu: wengi walitua kwa sehemu ya mbele ya mguu. Dunia nzima ikashangilia! Mwaka 2013 Kevin Hatala na wenzake wakaenda kaskazini mwa Kenya kwa Wadaasanach, nao pia wazoefu wa pekupeku. Kati ya watu wazima 38, kwa mwendo wao wa kawaida wa mbio ndefu, asilimia 72 walitua kwa kisigino!

Na wavaa katambuga? Mwaka 2014 watafiti kutoka Korea walichapisha vipimo vya miguu ya Wamasai 1,096, watu wanaotembea kutwa, ama pekupeku ama kwa viatu vya tairi. Wastani wa urefu wa wayo ulikuwa sentimita 25. Fikiria kazi ya kupima nyayo za watu elfu moja na ushee!

Simama ujipime na wewe. Kwa binadamu wa leo, wayo ni kama asilimia 15 ya urefu wa mwili. Weka kisigino ukutani, pima hadi ncha ya kidole kirefu, gawanya kwa 0.15. Sentimita 25 zinakupa mtu wa sentimita 167 hivi. Huenda ukapishana kidogo, kwa sababu ni wastani tu. Usiisahau hesabu hiyo, itatufaa punde.

Kuna jambo hapa Meru lisilofurahisha, lakini lazima ulijue. Volkano zilizotupa udongo mzuri zilitupa pia floridi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya mito na chemchemi za pande za Meru zinapita kiwango hicho mara kadhaa. Floridi nyingi hutia meno rangi ya kahawia, na kwa baadhi ya watoto huipinda mifupa ya miguu ikawa matege. Hapa Arusha ipo The Plaster House, nyumba ambako watoto waliofanyiwa upasuaji, wakiwemo wa miguu ya namna hiyo, hukaa mpaka wapone.

Na jirani zetu Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 kinachofundisha mafundi wa miguu bandia na vifaa vya kusaidia viungo. Wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika. Mguu bandia ukikosewa kwa pembe ndogo tu, mwendo mzima unabadilika!

Tugeuze uso magharibi, Ziwa Eyasi. Wahadzabe wanaume hutembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku na wanawake 5.8, kwa vipimo vya Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vilivyochapishwa mwaka 2012. Sasa kaa vizuri: ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu wanayotumia kwa siku ni ileile ya Mmarekani anayeshinda kwenye kiti! Wanasayansi wenyewe walishangaa.

Bado unataka? Wahadzabe nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mjini. Tofauti ni kwamba sehemu ya muda huo wanachuchumaa au wamepiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea na kazi.

Na wanapotafuta asali, mizizi na nyama, njia zao zina umbo. Mwaka 2014 timu iliyowafungia Wahadzabe 44 vifaa vya setilaiti ilikuta kwamba karibu nusu ya safari zao zinafuata mpangilio uliopewa jina la Mfaransa Paul Lévy: vipande vingi vifupi, halafu ghafla kipande kirefu. Mpangilio kama huo umetajwa pia kwa nyuki na papa!

Linganisha na mtu anayepiga hatua 100, kila moja upande wowote unaomjia. Ataishia hatua 10 hivi tu kutoka alipoanza! Swali la aina hiyo lilitupwa kwa wasomaji na Karl Pearson mwaka 1905, na kilichomsumbua ni namna mbu wa malaria wanavyosambaa.

Sasa jishike vizuri, tunafika Laetoli, Wilaya ya Ngorongoro, mkoani kwetu. Je, wajua kwamba nyayo za Laetoli zilionekana kwa sababu ya mchezo wa kurushiana kinyesi cha tembo? Ni mwaka 1976. Andrew Hill, mmoja wa wageni kwenye kambi ya Mary Leakey, alikwepa, akaanguka, na pua yake ikawa juu ya alama za wanyama wa kale kwenye majivu yaliyoganda. Miaka miwili baadaye, 1978, zikapatikana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, njia ya mita 27. Umri wake? Miaka milioni 3.66!

Lakini walitembea kama sisi, au kwa magoti yaliyopinda kama sokwe? Wataalamu walibishana kwa miongo mitatu, kila mmoja akichagua wayo unaompendeza. Hapo ndipo anaporudi Pataky, pamoja na Robin Crompton wa Liverpool. Mwaka 2011 walichukua nyayo 11 zilizo nzima za mtembeaji mmoja, wakazilaza moja juu ya nyingine kwa takwimu za picha za ubongo, wakapata wayo mmoja wa wastani wenye kina chake chote. Pale mguu ulipoteleza mara moja, wastani ulifuta. Pale ulipokandamiza kila mara, wastani ulibakiza.

Na jibu? Kisigino kwanza, kisha sehemu ya mbele ikasukuma kwa nguvu, kidole gumba kikiwemo. Mwendo wa kwetu! Hesabu iliyobuniwa kwa ajili ya ubongo ilifungua siri ya majivu ya Ngorongoro.

Timu za Liverpool hazikuishia hapo. Mwaka 2013 walichapisha hatua zaidi ya 25,000 za watu 45 wa leo. Theluthi mbili ya watu hao, mara mojamoja, walikanyaga kwa katikati ya wayo kama nyani wakubwa wanavyofanya! Ungewapima hatua moja moja tu, usingejua.

Je, wajua kuhusu "dubu" wa Laetoli? Nyayo tano zilizoonekana mwaka 1976 zilidhaniwa ni za dubu mdogo aliyesimama. Watafiti, wakiongozwa na Ellison McNutt na akiwemo Mtanzania Charles Musiba, wakatazama zaidi ya saa 50 za video za dubu wa Marekani. Dubu walisimama kwa miguu miwili chini ya asilimia 1 ya muda! Desemba 2021 wakatangaza: si dubu, ni jamaa wa mwanadamu, tena mwenye mwendo tofauti na wale wengine.

Na yule mrefu wa Laetoli? Mwaka 2015, watu wakichimba mashimo ya ukaguzi mahali palipopangwa kujengwa makumbusho, nyayo mpya zikatokea mita 150 tu kutoka zile za zamani. Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakazichapisha mwaka 2016 na wenzao. Wayo ulikuwa wa sentimita 26 hivi. Umekumbuka hesabu yako ya 0.15? Wao walitumia uwiano wa viumbe wa aina ile, wakapata urefu wa sentimita 165. Mmoja wa wale wa mwanzo alikadiriwa kuwa na mita 1.2 hivi tu!

Kenya nako, kando ya Ziwa Turkana, Novemba 2024 zilitangazwa nyayo za miaka milioni 1.5 za aina mbili tofauti za jamaa wa mwanadamu, kwenye tope lilelile. Namna mguu ulivyokandamiza ndiyo iliyowatofautisha.

Tumalizie Engare Sero, kusini mwa Ziwa Natron, chini ya Oldoinyo Lengai. Pale kuna nyayo zaidi ya 400 za binadamu kama mimi na wewe, za kati ya miaka 19,000 na 5,760 iliyopita. Mwaka 2020 Hatala na wenzake walizilinganisha na vipimo vya miguu ya watu wa leo, wakatenganisha kundi la watu 17 waliotembea pamoja upande mmoja. Kwa makadirio yao, 14 walikuwa wanawake watu wazima, 2 wanaume watu wazima na 1 kijana wa kiume! Pengine walikuwa wakienda kutafuta chakula, kama kina mama wa Kihadzabe wanavyofanya mpaka leo.

Hao 17 walitambuliwa kwa kupima tofauti ndogo za nyayo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda Engare Sero tembea na mwenyeji, pita pembeni, na usiweke mguu wako ndani ya wayo wowote hata kwa picha moja. Kingo zikimomonyoka, hakuna hesabu itakayozirudisha.